Mlango Uliowekewa Tofali

Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba sikusudii kulala. Ni saa saba na nusu mchana, nimekula wali na kunde, nimeketi katika chumba cha mafaili cha kliniki yetu ya virusi vya ukimwi, mimi Dama Ngumbao, muuguzi na mshauri, miaka kumi na mitatu kazini, mwanamke wa maneno mengi na hasira za karibu, na wenzangu husema siwezi kuona jambo la mtu nikalipita bila kuuliza. Mapajani nina faili moja tu. Juu yake pameandikwa Jefwa Thoya, miaka ishirini na saba, fundi wa makochi. Leo ni siku ya kufunga orodha. Kila mgonjwa ambaye hajaonekana kwa wiki tisa, akapigiwa simu haipatikani, akafuatwa nyumbani mara mbili akakutwa hayupo, huandikwa neno moja kwa wino mwekundu, amepotea, na faili lake linashushwa rafu ya chini, na rafu ya chini hakuna anayeinama kuitazama. Kalamu nyekundu ninayo. Neno sijaliandika. Nalitazama hilo jina, nalitazama tena, herufi zinaanza kupishana, kichwa kinanilemea, nakiegemeza kwenye rafu, dakika mbili tu, najiambia, dakika mbili hazimdhuru mtu, na rafu inasogea.

Inasogea, haki ya Mungu, inaingia ndani kama mlango, na nyuma yake hakuna ukuta wa kliniki wala matangi ya maji ninayoyajua, kuna barabara. Barabara ya murram, isiyo na lami, pana, nyekundu, haina mwanzo ninaouona wala mwisho, na jua lake halina upande, limetandazwa tu kila mahali. Mtu mwingine angerudi. Mimi naweka faili kwapani na kupita, maana nataka kujua inakwenda wapi. Mbali kule mbele naona bati la kijani, na najua ni bati la kliniki, hiyo hiyo niliyotoka sasa hivi, nimeiacha nyuma na iko mbele, na silishangai hilo, ninachoshangaa ni kwamba hatua zangu hazitoi sauti. Natembea. Kando ya barabara, pasipo na mtu, kunatoka kicheko. Kifupi tu, cha puani. Na barabara inapinda. Bati la kijani lililokuwa mbele sasa liko kushoto, mbali zaidi. Nageuka kulielekea, natembea, kicheko kingine, barabara inapinda tena. Alaa, nasema, hii ni barabara gani isiyoweza kusikia mtu akicheka?

Ni yako, anasema aliye pembeni yangu. Namtazama. Amevaa sare nyeupe ya wauguzi, saa ya kubandika kifuani, viatu vya raba kama vyangu, na uso hana. Mahali pa uso ni laini, kama yai lililomenywa. Nataka kuogopa lakini udadisi unanitangulia. Unaonaje bila macho, namuuliza, na hiyo sauti inatokea wapi? Anasema, kitendawili. Na mimi, kwa mazoea, maana nimelelewa na nyanya na kwa nyanya jioni hazikupita hivi hivi, najibu, tega. Anatega: mlango wangu ukiwa wazi hawaingii, ukifungwa wanajaa. Nafikiri. Mtego wa panya, nasema. Sio. Jicho lenye usingizi. Sio. Choo, nasema, na hapo anasita kidogo kama anayepima, kisha anasema, sio, nipe mji. Hiyo ndiyo sheria, mnaijua, ukishindwa kitendawili unatoa mji. Nyumbani tulitoa miji ovyo, tuligawa Nairobi na Unguja na hata London bila hasara. Basi nasema, nimekupa Mariakani. Na papo hapo najua Mariakani imetoka. Nina shangazi yangu kule, mdogo wa baba, nimekwenda kwake mara mia, na sasa naitafuta njia ya nyumbani kwake kichwani, siioni. Naona shangazi, naona sufuria zake, njia hakuna. Hapo nashtuka, maana kumbe huku watu wanachukua kweli.

Nipeleke basi kwa ninayemtafuta, namwambia huyo asiye na uso, usinimalizie miji. Namtafuta Jefwa Thoya. Anauliza, kwa nini alipotea? Sijui, nasema. Anasimama. Barabara nayo inasimama, kama ilikuwa inatembea nasi. Unajua, anasema.

Haya, najua. Niseme nilichofanya, maana huku ninakokwenda wanakijua tayari. Jefwa alikuja kupimwa wiki kumi na mbili zilizopita, akakutwa na virusi. Nilimpokea vizuri, kazi yangu naijua. Nilimweleza kwamba si mwisho wa dunia, ameze kidonge kimoja kila siku, virusi vitashuka mpaka kipimo kisivione, na vikifika hapo humwambukizi umpendaye. Kidole gumba chake kilikuwa kikibonyeza mpasuko wa kiti cha wageni, kile kiti ambacho sponji yake inachungulia, kisha akasema, sista, hiki nitakushonea nikija na sindano yangu. Nikampa kopo la vidonge thelathini. Sasa kwetu kuna desturi, mwanamume akipatikana na virusi tunamwambia mlete mkeo apimwe naye. Hatuulizi kama ana mke. Fomu imechapwa mke, sisi tunasema mke. Akaniambia, nitakuja na mwenzangu. Nikasema haya, mlete. Siku kumi na tisa baadaye akaja na mwanamume, mrefu, shati limepigwa pasi, mwamvuli mkononi, anaitwa Mwero. Nikauliza, mkeo yuko wapi? Jefwa akasema polepole, huyu ndiye niliyekwambia. Nami nikacheka. Sikuwa na chuki, nadhani, sikujua tu niuweke wapi uso wangu, na badala ya kunyamaza nikapaza sauti kumwita Mkawasi, karani wetu wa mapokezi: Mkawasi, njoo umwone mke wa Jefwa. Mlango ulikuwa wazi. Daima uko wazi, tumeuwekea tofali ili hewa ipite, maana chumba cha ushauri hakina feni. Mkawasi akacheka, foleni ikapokea, mtu akatamka neno lile wanalotukanwa nalo watu kama wao, mwingine akalirudia kwa nguvu. Wakainuka wote wawili. Mwero hakupimwa. Jefwa hakuchukua dawa, koponi alikuwa na vidonge kumi na kimoja, na sindano yake ya kushonea makochi ilikuwa mfukoni mwa shati, niliiona. Nilikwenda nyumbani jioni ile nikala nikalala. Ndiyo aibu yenyewe, kwamba nililala.

Barabara inaanza tena. Asiye na uso anasema, kitendawili. Tega, nasema, lakini sasa kwa uangalifu. Nilimfukuza mmoja, wakaondoka wengi. Nyuki, nasema haraka, malkia wa nyuki. Sio, nipe mji. Nampa Kilifi, na Kilifi inatoka na soko lake na rafiki yangu niliyesoma naye, jina lake sasa silipati. Nakasirika, namwambia, wewe unatega vitendawili visivyo na jibu. Anasema, jibu liko njiani, tembea. Na kweli tunaingia mji. Mji huu una nyumba za vioo, kuta zote vioo, na kila nyumba inaonyesha nyumba ya mkabala na ile inaonyesha hii, hata barabara moja inakuwa elfu, na mwisho wa kila barabara, bati la kijani. Kliniki elfu, na watu wamejaa wanatembea, na hakuna anayeelekea hata moja. Wanazizunguka. Wanakaribia, wanapinda. Naangalia nyuso, natafuta ya Jefwa, na kila ninayemtazama ananipa kisogo.

Mmoja namshika mkono, mwanamume mnene mwenye pete ya ndoa, jasho limemlowa. Samahani kaka, namwambia, watafuta nini? Anasema, njia isiyopita mbele za watu. Kwenda wapi? Kwako, sista. Anazungumza akitazama kioo, si mimi. Anasema, nina mke na watoto wawili, na kuna mtu, mwanamume, sitakutajia. Nilisikia kwenye redio kwamba kuna vidonge vya kinga, anameza yule asiye na virusi ili asivipate. Nikaona, hivyo ndivyo nitakavyomlinda mke wangu, kama siwezi kumwambia. Nikaja. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Siku gani, nauliza, na moyo umeshajua. Siku ya kicheko, anasema. Basi nawe ukaondoka? Anatikisa kichwa. Mimi nilicheka, sista. Nilicheka kuliko wote, ili wasinitazame. Kisha nikaondoka. Hivyo vidonge sikuviulizia tena, wala sijapima, na nyumbani nalala na mke wangu kama kawaida. Nataka kumwambia njoo sasa hivi, nina vidonge, nina kondomu, nina mafuta ya kulainisha, nina kila kitu kabatini, lakini mahali fulani kunatoka kicheko cha puani na barabara yake inampindisha, naona kisogo chake kikienda, na kwenye vioo visogo elfu.

Mwingine namjua. Kache, mjane, anayeuza mihogo ya kukaanga karibu na stendi, mgonjwa wangu wa miaka sita, hakuwahi kukosa siku. Na sasa nakumbuka, hata yeye sijamwona wiki tisa hizi, faili lake liko kwenye orodha ile ile, nilidhani kasafiri. Kache, nasema, we nawe? Amekumbatia mkoba, anautikisa mbele ya sikio langu. Wasikia kitu? Sisikii. Nimeweka pamba kwenye kopo, anasema, vidonge visilie nikipita mbele ya mashemeji. Miaka sita naweka pamba. Hapa kwenu tu ndipo nilipokuwa siweki. Sasa nachukua gari nakwenda kliniki ya mji mwingine, nusu siku, na mwezi nisio na nauli sina dawa. Namwambia, lakini Kache, wewe hakuna aliyekucheka. Ananitazama kwa huruma, na huruma yake inaniuma kuliko tusi. Sista Dama, anasema, mimi wanaume wanaopendana hawanihusu, hata siwapendi, nakwambia ukweli. Lakini nilikaa pale nikawaza, kama siri ya yule imetupwa ukumbini, yangu mimi itabaki wapi? Anafunga mkoba wake, anaondoka bila sauti.

Ni kicheko, namwambia asiye na uso. Jibu ni kicheko changu. Umechelewa, anasema, Kilifi nimekwisha kuila. Nauliza, na hawa wote? Anasema, hesabu visogo. Sihesabu. Nina faili moja kwapani na lilikuwa jepesi, sasa mkono unaniuma.

Bati moja la kijani linatuacha tulifikie. Naingia kwa furaha, nikidhani nimefika, kumbe ni kliniki ya kioo, kila kitu kimegeuzwa, kulia kuko kushoto, na dawati liko pale ambapo pangekuwa na foleni, na mimi ndiye niliye kwenye foleni. Nimekaa kwenye benchi. Sijui ninaumwa nini lakini naumwa, mwili wote unaniambia hivyo, na nimekuja kutafuta dawa. Haya, nadadisi bado, natazama huku na huku, napenda kuona jinsi wagonjwa wanavyoiona kliniki yetu, sikujua kumbe benchi lina msumari. Nyuma ya dawati kuna mwingine asiye na uso. Anafungua daftari. Anaita, kwa sauti ya kufika hadi barabarani: Dama Ngumbao, yule aliyerudishwa kwao kwa sababu hazai. Na foleni yote inacheka. Sikuwa nimemwambia mtu pale kazini. Miaka kumi na moja, hata Mkawasi hajui, anadhani niliondoka mwenyewe. Najisikia uso unawaka, nataka kusema jambo, nataka kuwatukana mmoja mmoja, mimi ambaye maneno hayajawahi kunikauka, na siwezi. Miguu inainuka. Hakuna aliyeiamuru. Inanitoa nje, na ile dawa niliyoifuata inabaki kule ndani, na najua kabisa, kama ninavyojua jina langu, kwamba hata ningekuwa nakufa nisingerudi kuichukua. Nje naketi kwenye murram na kulia. Asiye na uso anasimama karibu.

Halafu nasikia sindano. Sindano ya fundi wa makochi, ile ndefu iliyopinda, ikipita kwenye rexin, ile ngozi bandia ya makochi, ina sauti yake, inapasua kidogo, inavuta uzi, inakaza. Naifuata. Nyuma ya kliniki ya kioo kuna benchi la kusubiri, refu, linaenda mpaka macho yanachoka, na katikati yake ameketi Jefwa, anashona. Yeye uso anao. Amekonda, mashavu yameingia, na anakohoa kikohozi ambacho masikio yangu ya kazi hayakipendi hata kidogo. Uzi wake ni wa buluu. Sista, anasema bila kuinua macho, umepotea? Nimekuja kukutafuta, nasema. Anatabasamu kwa upande mmoja. Namuuliza, dawa? Anatoa kopo, anatikisa, halilii. Nimebakiwa na viwili, anasema, nameza kimoja kila Jumapili, vipate kufika mbali. Basi hapo nasahau kulia na kuomba radhi na kila kitu, hasira zangu zinanipanda, namwambia, Jefwa, umechanganyikiwa? Kimoja kwa wiki ni kuvizoesha virusi hiyo dawa, ni afadhali mtu asimeze kabisa kuliko kumeza hivyo, utafika mahali hata nikupe gunia haitakusaidia, nani alikufundisha upuuzi huo? Nagomba mpaka pumzi inakata. Anaacha kushona. Sista, anasema, unagomba vizuri. Ungenigombeza hivi siku ile ningebaki.

Nakaa kwenye benchi lake. Namwambia, nilikosa. Anasema, unajua kwa nini tulikuja wawili? Ulisema, humwambukizi umpendaye. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Mwero maneno hayo hayo, tukapika biriani siku ya kazi. Uliposema umpendaye, nikadhani umenijua. Nikamwambia, pale kuna sista mmoja, twende, hana neno. Anavuta uzi, anakaza. Kaka zangu waliponifukuza sikulia, anasema, nilijua wangefukuza. Wewe sikukutarajia. Nauliza lile moja ninalotaka kujua kuliko yote, nikirudi nikakuita, utakuja? Naye anauliza, utaniita nani? Jina lako, nasema. Na Mwero? Nasema, mwenzi wako. Anafikiri. Na mtu akicheka? Hapo nataka kujibu, ninalo jibu mdomoni, lakini asiye na uso amesimama kati yetu na anasema, kitendawili.

Tega, nasema. Anarudia kile cha kwanza. Mlango wangu ukiwa wazi hawaingii, ukifungwa wanajaa. Natafuta mji wa kutoa kama nitashindwa na nagundua sina. Yote niliyoijua imekwenda, hata ile ambayo sikuitoa, umebaki mji wetu tu, na ndani yake kliniki yetu, na kabati langu la dawa, na kiti kilichopasuka, na huyu kijana aliyebakiwa na Jumapili mbili. Nikishindwa, navitoa vyote. Jefwa ananitazama, sindano imesimama hewani. Sista, anasema, mbona jibu unaliruka kila siku? Natazama chini ya miguu yangu. Nipe mji, anasema asiye na uso. Ngoja, nasema. Nipe mji. Ngoja kwanza, nimekwambia ngoja, na mkono unanishika bega, unanitikisa, Dama, Dama, amka.

Ni Mkawasi. Rafu iko mahali pake, shavu langu lina alama ya pini za faili. Una mgeni, ananiambia, na anashusha sauti kwa namna ile ambayo haishushi kitu, ni yule, anasema, yule wa Jefwa. Natoka, faili na kalamu mkononi. Foleni ni ya watu saba, na wote wanamtazama mtu mmoja aliyesimama karibu na mlango wa nje, mrefu, shati limepigwa pasi, mwamvuli mkononi. Mdomo wa Mkawasi unaanza kupinda upande, naujua huo mpindo, mimi ndiye niliyeufundisha. Mkawasi, nasema. Jina tu. Ananitazama, anaona kitu usoni mwangu, sijui ni nini, anainamisha macho kwenye daftari na kuandika. Nasimama hapo hatua moja zaidi, nikisikiliza sakafu, kama itapinda. Haipindi. Lakini sina hakika. Namwambia yule mgeni, karibu, pita huku, na anapita mbele ya watu saba kama anayepita kwenye miiba.

Kwenye mlango wa chumba cha ushauri kuna tofali. Naliruka kila siku, miaka mingapi. Nalisukuma kwa mguu, zito kuliko nilivyodhani, limeacha alama ya vumbi sakafuni, na mlango, ambao sikujua kama bado unafunga, unafunga. Joto linaingia mara moja. Na Mwero, aliyekuwa amekaza mabega yote mawili, anayashusha. Namwonyesha kiti, na hapo ndipo napatwa na baridi katikati ya joto lile. Kiti cha wageni kimeshonwa. Mpasuko umefungwa kwa uzi wa buluu, mishono midogo midogo iliyopangwa, sponji haionekani. Asubuhi ilikuwa inaonekana. Nadhani ilikuwa inaonekana. Nataka kumwita Mkawasi nimuulize, na ningekuwa Dama wa jana ningemwita, kwa sauti, kutoka hapa nilipo. Simwiti. Naitafuta njia ya kwenda kwa shangazi yangu Mariakani, siipati.

Mwero anaketi. Anatoa kopo mfukoni, analiweka mezani, halilii. Nalifungua, nainua pamba, kuna vidonge viwili. Kimoja kila Jumapili, nasema. Anashtuka, nani kakwambia? Namwambia, endelea. Anasema, anakohoa sana, sista. Nimembembeleza wiki nzima. Amenituma nije nione kwanza. Yuko ng'ambo ya barabara, pale kwa kinyozi, anatazama huu mlango wenu. Nikitoka nimeinamisha kichwa, anaondoka, na nikimjua Jefwa, harudi tena. Anasema hivyo kwa utulivu, mikono juu ya mwamvuli, kisha anaongeza, sijui kama wewe unamcheka kila mtu au ni sisi tu. Namwambia, nilikosa. Niliwakosea nyote wawili na niliwakosea mbele za watu, na nimeona, nasema, kisha siwezi kueleza nimeona wapi. Anasema, kamwambie yeye. Kisha anakunja mkono wa shati, taratibu, mkunjo juu ya mkunjo. Na mimi nipime, anasema, niliahidi. Wakati kipimo kinasubiri dakika zake, nachukua faili la Jefwa na kalamu nyekundu. Sehemu ile waliyochapa mke nakata mstari, juu yake naandika mwenzi, na mbele naandika jina la Mwero.

Kipimo chake hakioneshi virusi. Namwambia, na namwambia kuhusu vidonge vya kinga, na anafunika macho kwa kiganja muda mrefu. Kisha anakwenda dirishani, anainua mwamvuli juu ukiwa umefungwa, anaushusha. Nasogea nione. Ng'ambo, mtu mwembamba anainuka kwenye kiti cha kinyozi. Anavuka. Barabara ni murram, nyekundu, na kwa mwanga huu sijui ni ipi kati ya mbili. Amefika katikati na wateja wa kinyozi wanacheka jambo lao, kicheko kirefu cha mchana, na Jefwa anasimama. Naitazama barabara. Naitazama kama ambavyo sijawahi kutazama kitu, nasubiri ipinde, na ndani yangu nasema, kama huku bado ni kule, basi usiniamshe mtu mpaka avuke. Anapandisha kola ya shati. Anakuja. Simwoni tena anapopita chini ya ukingo wa bati, nasikia watu wa foleni wakinyamaza, nasikia Mkawasi akisema, karibu kaka, mlango ule uliofungwa, bisha tu. Nasikia kikohozi. Anabisha. Nafungua kidogo, kiasi cha mtu mmoja kupita. Amekonda kama nilivyomwacha kwenye benchi, na kwenye mfuko wa shati lake kuna sindano iliyopinda na kipande cha uzi wa buluu. Siulizi. Karibu, Jefwa, nasema, kwa sauti inayomtosha yeye peke yake.